Jiwe Lile ni la Nani?

Siku ya kutoa zawadi katika shule moja ya Kawangware, shule ambayo watoto wake wengi hutoka Kibera kwa miguu kila asubuhi, msichana mmoja wa kidato cha pili alisimama mbele ya wazazi akasoma insha aliyoitunga mwenyewe. Insha ilihusu jiwe lililo mbali sana na dunia, lizungukalo jua katika njia moja na Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, lakini likishika mkondo wa kinyume. Alisoma vizuri, sauti yake haikutetemeka. Alipoketi, mgeni wa heshima akasimama kutoa nasaha. Alimsifu mtoto kwa ujasiri wake, kisha akatugeukia sisi walimu akasema kwamba mtoto alalaye chini ya mabati hana haja na mawe ya mbinguni. Mawe yamfaayo ni kokoto, ajifunze kujengea. Habari za sayari na waachiwe wenye nafasi. Watu walicheka. Wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa ile adabu ya kumstahi mgeni.

Baadaye msichana yule alinijia nyuma ya ofisi, karatasi yake ameikunja mara nne, akaniuliza, "Mwalimu, kwani jiwe lile ni la nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nililobabaika nalo siku ile halifai kuandikwa. Jibu ninaloliandika leo limechelewa, wala silielekezi kwake peke yake. Nalielekeza kwenu nyote mlio shuleni, kwa sababu maneno ya mgeni yule yangali yakisemwa, wala si na wageni tu. Wazazi huyasema. Walimu wenzangu huyasema katika chumba cha walimu huku wakinywa chai. Na lililo baya zaidi, wanafunzi wengi hujiambia wenyewe kimyakimya kabla hawajaambiwa na mtu.

Kabla ya kuligombea jiwe, yafaa tulijue.

Mshtarii huonekana kwa macho matupu hata Nairobi, hata chini ya zile taa za mlingoti mrefu zimulikazo vichochoro vya Kibera usiku kucha. Ni ile nyota kubwa nyeupe, yenye mwanga uliotulia, ambayo aghalabu haishindwi na nyingine ila Zuhura. Kwa kweli si nyota bali ni sayari, na uzito wake ni sawa na wa dunia 318 zikiwekwa pamoja. Masafa yake kutoka kwenye jua ni kilometa milioni 778 hivi, na kulizunguka mara moja huichukua karibu miaka 12. Mtoto azaliwaye leo atakuwa anamaliza shule ya msingi siku Mshtarii itakaporejea mahali ilipo usiku huu.

Mtu angedhani kwamba jitu kama hilo halina mwenziwe njiani, kwamba kila kidogo kilichowahi kupita hapo kilikwisha mezwa au kutupwa mbali. Sivyo. Mwaka 1772 Joseph-Louis Lagrange, mwanahesabu aliyezaliwa Turin, alionyesha kwa kalamu na karatasi kwamba katika njia ya sayari pana mahali pawili ambapo kitu kidogo chaweza kukaa salama: mahali pa kwanza ni mbele ya sayari kwa kadiri ya sehemu moja ya sita ya mzunguko, na pa pili ni nyuma yake kwa kadiri iyo hiyo. Ukivuta mstari kutoka kwenye jua hadi kwenye sayari, na mingine miwili hadi mahali hapo, utapata pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Lagrange aliiaga dunia bila kuonyeshwa hata jiwe moja lililokaa hapo. Hesabu yake ilingoja miaka 134, mpaka Februari 1906, Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, alipoliona la kwanza katika picha zake za anga. Likaitwa Achilles. Leo mawe ya namna hiyo yajulikanayo yapita 10,000.

Hayo yote huenda upande mmoja na Mshtarii, kama magari ya msafara mmoja, mengine yametangulia na mengine yafuata. Jiwe la msichana wetu ni mbali na hayo. Liligunduliwa Novemba 2014 katika picha za darubini iitwayo Pan-STARRS, iliyo juu ya mlima Haleakalā katika visiwa vya Hawaii, nalo katika orodha ya wanafalaki ni namba 514107. Upana wake wakadiriwa kuwa kilometa 3 hivi. Lingelazwa juu ya Kibera lingeifunika yote. Nalo laenda kinyume. Sayari zote hulizunguka jua kwa kuelekea upande mmoja, na mawe yazungukayo kinyume ni haba sana. Lakini kuzunguka kinyume katika njia ya Mshtarii yenyewe, hilo lilikuwa halijaonekana. Fikiri mtu anayesukuma mkokoteni kuyakabili magari katika Barabara ya Ngong, saa kumi na moja na nusu jioni, tena si jioni moja, bali kila jioni kwa miaka na miaka, asiguswe. Mwaka 2017 Paul Wiegert, Martin Connors na Christian Veillet walichapisha hesabu zao, wakaonyesha kwamba jiwe hilo limekuwa likifanya hivyo kwa muda wa karibu miaka 1,000,000.

Laponaje? Njia yake si duara kamili kama ya Mshtarii. Imevutika kidogo kama yai. Kwa hiyo katika kila mzunguko hupishana na jitu lile mara mbili: mara moja hupita upande wa ndani, karibu zaidi na jua, na mara ya pili hupita upande wa nje. Likipita ndani, Mshtarii hulivuta kuelekea nje. Likipita nje, hulivuta kuelekea ndani. Mvuto wa pili hurudisha ulichoharibu wa kwanza. Wala halikaribii mno. Hata likikaribia sana, baina yao husalia kilometa milioni 176 hivi, masafa yapitayo yale ya kutoka hapa hadi kwenye jua. Mwaka 2018 wataalamu wengine wawili, Fathi Namouni na Helena Morais, walitoa hoja kwamba jiwe hilo halikuzaliwa katika jamii ya jua letu, bali lilinaswa likitoka kwenye nyota nyingine. Hoja hiyo bado yabishaniwa, na ubishi wake ni mtamu, lakini si ubishi wetu wa leo.

Hapa niseme neno moja pembeni. Nimesikia jiwe hili likigeuzwa hadithi ya mafunzo. Mwalimu mmoja aliwaambia wanafunzi kwamba lafundisha wadogo wawape wakubwa nafasi ya kupita. Mwingine, kijana mwenye damu moto, alisema lafundisha wanyonge wasifuate mkumbo. Wote wawili wamelidhulumu. Jiwe halimpishi mtu wala halimpingi mtu. Lafuata nguvu ya mvutano, basi. Na kama twataka mfano wa mdogo kumfuata mkubwa, basi tujue kwamba yale mawe ya Lagrange yaitanguliayo Mshtarii ni mengi kuliko yanayoifuata. Mwanafunzi akinyimwa elimu ya jiwe akapewa mawaidha badala yake, amepunjwa, hata kama mawaidha yenyewe ni mazuri.

Sasa turudi kwa mgeni wetu.

Hoja yake ya kwanza ni ya unga. Ati mtoto wa Kibera, ambaye maji kwao hununuliwa kwa mtungi, ambaye mvua ya Aprili humkuta darasani na nyumbani vilevile, atafaidi nini kwa kujua habari za jiwe lisiloonekana? Sitaki kuipuuza hoja hii, maana njaa si neno la mzaha, na nimefundisha watoto waliokuwa wakisinzia kwa sababu ya kulala na maji matupu tumboni. Lakini tuitazame vizuri. Kawangware imepakana na Lavington. Ukuta tu, na barabara, na mti wa jakaranda. Mtoto wa upande wa pili wa ukuta naye hali jiwe lile. Mshtarii haimletei mkate. Mbona yeye haulizwi litamfaa nini? Kando ya Kibera kuna uwanja wa gofu, na watu wazima hushinda humo wakikifukuza kimpira kidogo kwa fimbo. Sijasikia mtu akiwauliza kimpira kile kimeongeza unga kiasi gani. Swali la faida huulizwa maskini peke yake. Nalo huulizwa na watu ambao, siku hiyo ya kutoa zawadi, hawakuleta unga wala vitabu.

Tena hoja hiyo si mpya, wala si yao. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika, na ushauri iliotoa ukawa ni kwamba elimu hiyo ilinganishwe na maisha ya Mwafrika kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Mwaka uliofuata, 1925, pale Kabete, si mbali na Kawangware, ikaanzishwa Jeanes School, kuwafunza walimu watakaoipeleka elimu ya namna hiyo vijijini. Yapo mema yaliyotokana na shule ile, na watu wa haki huyataja. Lakini mawazo yaliyoizaa yalikuwa na kipimo: yalianza kwa kuamua Mwafrika atakuwa nani, kisha yakamkatia elimu ya kadiri hiyo, kama fundi akataye kitambaa kabla ya kumpima mwenye kuvaa. Wazee wetu walikipinga kipimo kile, wakajenga shule zao wenyewe, wakachanga senti kwa senti. Leo, miaka mia moja baadaye, kipimo kile kile chatolewa kabatini na mtu wa ngozi yetu, naye hukisema kwa Kiswahili kizuri, na sisi twapiga makofi.

Sina ugomvi na kokoto wala na useremala. Baba wa wanafunzi wangu wengi ni mafundi, na mimi hulalia kitanda kilichotengenezwa na mmoja wao. Ugomvi wangu ni na yule asemaye kokoto *au* sayari, kana kwamba kichwa cha mtoto ni mfuko wenye nafasi ya kitu kimoja. Fundi apimaye pembe ya paa na Lagrange apimaye njia ya jiwe hutumia pembetatu moja.

Hoja ya pili husemwa na watu waliosoma, na kwa hiyo yaniudhi zaidi. Wao hukubali kwamba elimu ya falaki ni njema, ila ati ni elimu ya wageni, na lugha yetu haiwezi kuibeba. Msichana yule aliposoma insha yake kwa Kiswahili, mmoja wao alininong'oneza kwamba ingelifaa zaidi kwa Kiingereza, kwa kuwa mambo haya "hayana maneno" kwetu.

Hayana maneno! Mshtarii ni neno la nani? Zuhura, Zohali, Mirihi, Utaridi je? Yametoka katika Kiarabu, naam, na yakaja na mabaharia, nayo yamekaa katika vinywa vya watu wa pwani hata yakawa yetu, kama vile meza na kitabu vilivyo vyetu. Na lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana, ambalo wakulima walilitazama wapate kujua majira ya jembe, tunaliita Kilimia, neno lililotoka katika kulima, ambalo hakuna baharia wa kigeni aliyetuletea. Lugha yenye Kilimia haikosi pumzi ya kulitaja jiwe. Nitakiri jambo moja: vitabu vyetu vya shule vimechanganya majina. Vingine huiita Mshtarii kwa jina la Sumbula, ambalo asili yake si sayari bali ni kundi la nyota, lile la Mashuke. Kosa hilo si la lugha. Ni la sisi tuliokuwa na ghala la maneno tukashindwa kusoma lebo zake.

Lakini jawabu kubwa la hoja hii limo katika jina la jiwe lenyewe. Jiwe namba 514107 laitwa Kaʻepaokaʻāwela. Si Kigiriki, si Kilatini, si Kiingereza. Ni Kihawaii. Kaʻāwela ni jina lao la Mshtarii, na ʻepa ni ujanja, ni utundu. Msichana wetu alilitafsiri katika insha yake kuwa Mtundu wa Mshtarii, nami sijaona tafsiri iliyo bora.

Sikilizeni sasa jina hilo lilivyopatikana. Mwaka 1896 sheria ya Hawaii iliamuru Kiingereza kiwe ndiyo lugha ya kufundishia shuleni, na lugha ya wenyeji ikafukuzwa darasani. Ninyi mnaijua habari hiyo hata kama hamjaisikia, kwa kuwa babu na bibi zenu waliwahi kukivaa shingoni kile kibao cha aibu, kwa kosa la kunena lugha ya mama uwanjani. Kihawaii kilinyauka, hata wazungumzaji wake wakabaki wachache, na wengi wao ni wazee. Kisha watu wakaamka. Mwaka 1984 walifungua shule ya watoto wadogo ambamo Kihawaii ndicho kilichonenwa, na baada ya hiyo nyingine, na nyingine. Na miaka si mingi iliyopita, wanafunzi wa shule zifundishazo kwa lugha hiyo waliketi pamoja na walimu wao, na mtaalamu wao wa lugha, Larry Kimura, na watu wa darubini ya Haleakalā, wakaelezwa habari za mawe mawili. Mmoja ni Mtundu wetu. La pili ni jiwe dogo lizungukalo jua likiandamana na dunia hii. Wanafunzi wakajadiliana, wakatunga majina. Mwaka 2019 majina hayo yalitangazwa, na tangu hapo mwanafalaki wa Paris au wa Tokyo atakaye kulitaja jiwe hilo sharti aukunje ulimi wake kwa Kihawaii.

Sasa niambieni: lugha iliyobaki kinywani mwa wazee wachache imeweza kuweka jina katika njia ya Mshtarii, kwa akili za watoto wa shule. Kiswahili, kinenwacho na mamilioni kwa mamilioni kutoka Lamu hata Kisangani, kimeshindwa na nini?

Na wenzetu wa jirani wamekwisha kututangulia. Mwaka 2021 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Lucy, kiende kuyatazama yale mawe yakaayo katika njia ya Mshtarii. Jina hilo ni la mifupa ya kale ya binadamu iliyopatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, katika Bonde la Ufa lile lile lipitalo kwetu. Waethiopia huiita mifupa hiyo Dinkinesh. Njiani, Novemba 2023, chombo kilipita karibu na jiwe dogo lililokuwa limepewa jina hilo, kikagundua kwamba lina mwezi wake, nao ukaitwa Selam. Maneno mawili ya Kiamhari.

Wabishi wakishindwa hapo husema: Sawa, lakini darubini iko wapi? Darubini ya Haleakalā ni mali ya mataifa tajiri. Mtoto wa Kawangware atalitazama jiwe kwa nini? Kwa kijiko?

Hapa ndipo penye utamu wa elimu hii, nami nitakaa kidogo. Jiwe dogo halijulikani umbo lake kwa darubini kubwa peke yake. Liko njia nyingine. Kila mara jiwe lipitapo mbele ya nyota fulani, huizima kwa nukta chache, na kivuli chake hupita juu ya dunia. Kwa kuwa nyota iko mbali mno, kivuli hicho kina upana ule ule wa jiwe. Wapangeni watu kwa mstari ukatao njia ya kivuli, kila mmoja na darubini ya kawaida na saa iliyo sahihi, na kila mmoja aandike nyota imezimika lini na imewaka tena lini. Aliyesimama penye katikati ya kivuli ataona giza la muda mrefu. Aliye pembeni, la muda mfupi. Aliye nje haoni kitu, na kutoona kwake nako ni habari. Yakusanyeni maandishi yao, mtapata umbo la jiwe lililo mamilioni ya kilometa mbali.

Machi 2022 vikundi 26 vilijipanga hivyo kukingoja kivuli cha Polymele, mojawapo ya mawe ambayo Lucy atayapitia, lenye upana wa kilometa 27 hivi. Viwili kati yao viliona nyota ikizimika mahali pasipotarajiwa, na hivyo ikajulikana kwamba Polymele lina mwezi wake, wenye upana wa kilometa 5 tu. Mwezi huo haukugunduliwa kwa darubini ya mabilioni. Uligunduliwa na watu waliosimama uwanjani. Nao si Wazungu tu wawezao kusimama. Agosti 2018 wanafalaki wa Senegal na wageni wao walisimama usiku nchini Senegal kukipima kivuli cha jiwe ambalo siku hizi laitwa Arrokoth, lililo mbali kupita Neptuni, na vipimo vyao vilisaidia kukiandaa chombo kilicholipita jiwe hilo Januari 2019.

Kivuli cha kilometa 27, kikipita juu ya Nairobi, huanza Kawangware, kikaifunika Lavington, kikaifunika Kibera na uwanja wake wa gofu, kikafika hata uwanja wa ndege wa Embakasi. Kazi ya namna hiyo haitaki tajiri mmoja mwenye chombo kikubwa. Yataka watu wengi, mahali pengi, wenye subira, na wasiopenda kudanganya saa. Ikiwa kuna kitu ambacho Kibera na Kawangware hazikikosi, ni watu wengi mahali pengi.

Na asiye na darubini hata ndogo? Picha za mlima Haleakalā, za darubini ile ile iliyoliona jiwe letu, hupelekwa bila malipo kwa wanafunzi wa nchi nyingi kupitia mradi uitwao IASC, wazitazame katika kompyuta na kutafuta nukta zilizosogea. Kompyuta moja ya shule yatosha, na umeme usiokatika kwa saa mbili. Najua, umeme huo nao ni shauri jingine.

Nilisema habari ya majina, nami sijaimaliza. Mgunduzi wa jiwe ndiye mwenye haki ya kwanza ya kupendekeza jina lake, kwa muda wa miaka 10 tangu lipewe namba. Pana sheria, na moja yake nimeipenda mno: jina la mwanasiasa au la mkuu wa vita haliwezi kupewa jiwe mpaka ipite miaka 100 tangu kufa kwake. Laiti sheria hiyo ingeteremka kutoka mbinguni ikatawala barabara na shule za Nairobi! Mawe ya njia ya Mshtarii yaitwa kwa desturi kwa majina ya mashujaa wa vita vya Troya, Wagiriki kundi la mbele na Watroya kundi la nyuma, ingawa Hektor, shujaa wa Troya, amekwama katika kambi ya Wagiriki, na Patroclus katika kambi ya adui zake, kwa kuwa walipewa majina kabla desturi haijatulia. Lakini mawe yamezidi mashujaa. Kwa hiyo mwaka 2018 umoja wa wanafalaki wa dunia uliamua kwamba madogo kati ya mawe hayo yaweza kupewa majina ya wanariadha wa Olimpiki. Mwezi wa jiwe la Eurybates waitwa Queta, kwa heshima ya Enriqueta Basilio wa Mexico, mwanamke wa kwanza kuwasha moto wa Olimpiki, mwaka 1968. Naftali Temu na Kipchoge Keino walishinda dhahabu zao katika michezo iyo hiyo, chini ya moto huo. Wilson Kiprugut alikwisha tuletea medali ya kwanza huko Tokyo mwaka 1964. Mlango wa mawe hayo uko wazi kwa majina kama yao. Lakini haki ya kwanza ni ya aliyeona. Kuomba tuwekewe jina ni jambo moja. Kuliona jiwe na kulitaja wenyewe ni jambo jingine, na hilo la pili huanza darasani, katika somo ambalo mgeni wetu alitaka liachiwe wenye nafasi.

Basi niliwaza hayo yote kwa siku kadhaa, na Jumatatu moja nikawatoa kidato cha pili uwanjani. Tulichora duara kubwa kwa majivu. Mvulana mmoja mnene wa Kawangware akawa Mshtarii. Mimi nilisimama katikati na mwavuli wa manjano, nikawa jua. Nikauliza nani atakuwa Mtundu, na kabla sijamaliza yule msichana alikwisha simama upande wa pili wa duara, amejifunga sweta kiunoni. Nikawaeleza sharti: mwendo ni ule ule, kila mmoja upande wake, na watakutana mara mbili, mara ya kwanza Mtundu apite ndani, mara ya pili apite nje. Wakaanza. Mara ya kwanza walipishana vizuri. Mara ya pili Mtundu alisahau akapita ndani tena, Mshtarii naye akasogea ndani kumkwepa, wakagongana wakaanguka katika majivu, darasa zima likalia kwa kicheko. Msichana akainuka, akajipangusa, akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini sharti iwe nje. Wakarudia. Kengele ya chakula ilipolia walikuwa katika mzunguko wa nne bila kugusana, na mkono wa jua ulikuwa umekwisha kuchoka kuushika mwavuli.